Mlio Uliodhaniwa Kelele

Mchimbaji aliyekomaa katika kazi ya chini ya ardhi haketi chini ya dari ya mwamba kabla ya kuigonga. Hushika mtarimbo, hugonga mara mbili tatu, kisha hutulia na kusikiliza. Mwamba ukijibu kwa mlio mkali ulio wazi, anaendelea. Ukijibu kwa mlio mzito, wa kitu chenye uwazi ndani, anarudi nyuma na kuangusha kilicholegea akiwa amesimama mahali salama. Ni desturi ya zamani kuliko vipimo vya maabara, na inawahusu wanaoshuka leo katika mashimo ya Macalder, Osiri, Mikei na Masara kule Migori, Kenya, sawasawa na ilivyowahusu wachimbaji wa Ulaya na Afrika Kusini waliowatangulia.

Nataka kueleza kwa nini pigo lile moja la mtarimbo hubeba habari nyingi hivyo, kisha nisimulie mkasa wa watu waliosikia mwamba ukisema, wakaendelea na kazi. Nasimulia kwa sababu makosa yao si ya watu wajinga. Ni makosa ambayo mimi ningeweza kuyafanya, na wewe pia, kama tungekuwa na deni dukani, karo ya mtoto haijalipwa, na mawe yenye dhahabu yakionekana mbele ya taa.

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii. Mwamba ulio chini ya miguu yetu haujapumzika. Tunauona umetulia, tunadhani hauna kazi, kumbe umebeba mzigo tangu zamani. Mita moja ya ujazo ya mwamba wa kawaida ina uzito wa karibu tani 2.7. Ukishuka mita 30 tu, kila mita moja ya mraba ya mwamba ulio pale imebeba tani 80 hivi za mwamba ulio juu yake. Ukifika mita 100, mzigo ni kama tani 270 kwa kila mita ya mraba. Hayo yote yapo kabla hujaleta sururu. Wataalamu huuita mzigo huu mkazo wa awali, yaani mkazo ambao kitu tayari kinao kabla hakijaguswa na kazi yoyote mpya.

Si uzito peke yake. Ukivuka kutoka Migori kwenda Homa Bay unaiona ardhi yenyewe ikikuonyesha kwamba iliwahi kuvutwa. Mwinuko wa Kaniamwia ni ukingo wa ufa mkubwa. Mlima Homa na mlima wa zamani wa Kisingiri ni volkano zilizotoka katika tawi lile la Bonde la Ufa linaloelekea Ziwa Victoria. Mahali ambapo ganda la dunia limewahi kuvutwa na kupasuka hivyo, huwezi kudhani kwamba mkazo ulio chini ni sawa kila upande. Unaweza kuwa mkubwa kutoka juu kwenda chini na mdogo kutoka kaskazini kwenda kusini, na kilima cha jirani kikawa na hali nyingine kabisa.

Sasa, mzigo huo una uhusiano gani na sauti? Mtu wa Homa Bay au Migori anaujua uhusiano huo kwa masikio yake, maana amekua akisikia nyatiti. Chombo kina nyuzi nane. Kabla ya kupiga, mpigaji huzikaza au kuzilegeza nyuzi mpaka kila moja itoe sauti yake. Uzi haukubadilika urefu wala unene. Kilichobadilika ni mvuto uliomo ndani yake kabla ya kidole kuugusa. Uzi uliokazwa hupitisha wimbi haraka, na sauti hupanda. Uliolegea hulipitisha polepole, na sauti hushuka. Ukitaka wimbi lipite kwa kasi maradufu, itakubidi ukaze uzi huo mpaka mvuto wake uwe mara nne ya ule wa kwanza. Kwa hiyo anayesikiliza sauti ya uzi anasikiliza mkazo wake wa awali, hata kama hajawahi kusikia neno hilo.

Kwa vitu vigumu vinavyonyumbuka, kama chuma na mwamba, hesabu yake ni ngumu zaidi kuliko ya uzi. Mbelgiji Maurice Biot ndiye aliyeiweka hesabu hiyo kwa upana, akachapisha mwaka 1940 maandiko juu ya namna mkazo wa awali unavyobadilisha mwendo wa mawimbi ndani ya vitu hivyo. Kabla yake, wengi walipiga hesabu za mawimbi kana kwamba kitu kinaanza kikiwa hakina mzigo wowote. Biot alionyesha kwamba wimbi linalopita katika kitu kilichokwisha kubanwa au kuvutwa halifuati hesabu hiyo rahisi. Mwendo wake hutegemea mzigo uliomo, na pia hutegemea wimbi linaelekea upande gani ukilinganisha na mzigo huo.

Katika chuma kizima tofauti hiyo ni ndogo mno, inahitaji vyombo makini kuipima. Katika mwamba ni kubwa, na sababu yake ni nyufa. Mwamba, hata ule unaouona mzima mkononi, umejaa nyufa nyembamba zisizoonekana kwa macho. Ukiubana, nyufa zinafumba, na wimbi linapata njia nzima ya kupita. Mwaka 1960 Francis Birch wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha vipimo vya mawe mengi aliyoyabana kwa nguvu kubwa. Mawe ya aina ya graniti yaliyopitisha wimbi kwa kasi ya kilomita 5 na ushei kwa sekunde yakiwa huru, yalilipitisha kwa zaidi ya kilomita 6 yalipobanwa sana, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokea mapema, wakati nyufa zilipokuwa zikifumba. Mwaka 1969 Amos Nur na Gene Simmons walibana graniti kwa upande mmoja tu. Jiwe lile lile likaanza kupitisha wimbi haraka kwa upande uliobanwa kuliko upande mwingine.

Na ukilegeza, mambo hugeuka. Nyufa hufunguka, wimbi hupungua kasi, nguvu yake hupotea njiani, na sauti huwa nzito. Hapo ndipo mtarimbo wa mchimbaji unapopata maana yake.

Fikiria tena ule mwamba wenye mzigo wa tani 80 kwa kila mita ya mraba, kisha upasue njia ndani yake. Mzigo hauondoki kwa sababu wewe umetoa mawe. Unatafuta mahali pengine pa kupita. Mhandisi Mjerumani Kirsch alilipigia hesabu jambo hili mwaka 1898: tundu la mviringo katika kitu kilichobanwa kutoka juu tu hufanya kuta zake za pembeni zibebe mara tatu ya mzigo wa awali, na wakati huo huo dari yake, badala ya kubanwa, huanza kuvutwa. Nakuomba uisome sentensi hiyo tena, kwa sababu vifo vingi vimo ndani yake. Ukuta unapondwa, dari inavutwa. Na mwamba unaoweza kustahimili kubanwa kukubwa hauwezi kustahimili kuvutwa. Nguvu yake ya kuhimili mvuto ni kama sehemu moja ya kumi tu ya nguvu yake ya kuhimili mbano. Dari inapovutwa, nyufa zinafunguka, tabaka moja linaachana na jingine, na mtarimbo ukigonga pale, wimbi linakwama kwenye ule uwazi mpya. Ule mlio mzito ni habari kwamba mkazo umebadilika juu ya kichwa chako.

Kuna kisa kimoja cha maabara ambacho ningependa kila mchimbaji asimuliwe. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Leonard Obert, aliyefanya kazi katika ofisi ya serikali ya Marekani iliyosimamia masuala ya migodi, aliingia na vyombo vyake katika migodi ya risasi na zinki. Swali lake lilikuwa hili hili letu: je, kasi ya wimbi ndani ya nguzo ya mwamba inaweza kumwambia mtu nguzo ile imebeba mzigo kiasi gani? Akafunga vipokezi, akajiandaa kupima. Lakini vyombo vikawa vinanasa mitetemo wakati hakuna mtu aliyegonga chochote. Jambo la kwanza alilodhani ni lile ambalo sote tungedhani, kwamba vyombo vina kasoro. Ilichukua uchunguzi kubaini kwamba vyombo vilikuwa vizima. Aliyekuwa akigonga ni mwamba wenyewe. Ndani ya nguzo zilizolemewa, nyufa ndogo ndogo zilikuwa zikipasuka moja baada ya nyingine, na kila mpasuko ulitoa wimbi lake. Obert na mwenzake Wilbur Duvall waliendelea kuchunguza, na kazi hiyo ikaonyesha kwamba milio hiyo huongezeka mwamba unapokaribia kushindwa. Leo migodi mikubwa mingi hufunga vipokezi vya namna hiyo ukutani na kuvisikiliza usiku na mchana.

Kwa hiyo habari ilikuwepo, vyombo viliinasa, na mtu mwenye elimu yake bado alikaribia kuitupa akidhani ni kelele. Yeye aliuliza swali la pili. Mkasa ninaotaka kuusimulia sasa ni wa mahali ambapo swali la pili halikuulizwa.

Mgodi wa makaa ya mawe wa Coalbrook, katika lililokuwa jimbo la Orange Free State, Afrika Kusini, ulichimbwa kwa mtindo wa vyumba na nguzo. Maana yake ni kwamba wachimbaji hutoa makaa katika vyumba na kuacha nguzo za makaa yale yale zishike dari. Mtindo huo unategemea sharti moja, kwamba nguzo ziwe nene vya kutosha kwa mzigo ulio juu yake. Miaka ya 1950 mahitaji ya makaa yalipanda kwa ajili ya mitambo ya umeme, na mgodi ukaongeza kasi. Vyumba vilivyokwisha kuchimbwa vikaongezwa kimo kwa kutoa makaa ya darini. Nguzo zikabaki na unene wa zamani, lakini sasa zikawa ndefu zaidi, na nguzo ndefu ni dhaifu kuliko fupi yenye unene huo huo. Mgodi haukuwa na kanuni ya kupima nguvu ya nguzo kama hizo. Walikwenda kwa mazoea: jana ilisimama, leo pia itasimama.

Tarehe 28 Desemba 1959, sehemu moja ya mgodi iliporomoka. Haikushtua nchi, wala haikusimamisha kazi. Kwangu mimi hapa ndipo mahali pa kusimama na kutafakari kwa uchungu. Nguzo zilizovunjika siku ile hazikuondoka na mzigo wao. Mzigo ulihamia kwa nguzo za jirani, zilizokuwa nyembamba vile vile. Kama mtu angeuliza, "Uzito uliokuwa pale sasa umebebwa na nani?", jibu lingeusimamisha mgodi. Badala yake, poromoko lile lilichukuliwa kama jambo lililokwisha. Kwa wiki tatu na siku kadhaa kazi iliendelea pembeni ya mahali palipoanguka.

Tarehe 21 Januari 1960, alasiri, watu waliokuwa chini walianza kusikia mipasuko. Upepo ulivuma ghafla ndani ya njia za mgodi, ishara kwamba kuna mahali dari imeshuka na kusukuma hewa. Baadhi ya wachimbaji walikimbilia kwenye shimo la kutokea. Walionusurika walisimulia baadaye kwamba wako walioambiwa warudi kazini. Jioni ile nguzo zilianza kuvunjika kwa mfululizo, kila inayovunjika ikiitwisha jirani yake mzigo isioweza kuubeba, mpaka eneo la kama kilomita 3 za mraba likashuka. Zaidi ya wachimbaji 430 walibaki chini, wengi wao wakiwa vibarua kutoka Basutoland, ambayo leo ni Lesotho, na kutoka Msumbiji. Waokoaji walichimba matundu kutoka juu kwa siku nyingi, hawakumpata aliye hai. Miili haikuletwa juu mpaka leo.

Ishara za Coalbrook hazikuwa za siri. Ya kwanza ilikuwa poromoko lenyewe la Desemba. Nyingine ilikuwa nguzo zilizokuwa zikimeguka pembeni, ambazo mtu yeyote mwenye taa angeweza kuziona. Kisha ikaja milio ya alasiri ile, na mwisho upepo. Na waliozisikia kwanza walikuwa watu wenye sauti ndogo kuliko wote mgodini. Miguu yao ilijua, lakini hawakuwa na mamlaka ya kusema "tutoke" na wote wakatoka.

Baada ya msiba huo Afrika Kusini ilianza kuchunguza nguzo kwa dhati. Mwaka 1967 Miklos Salamon na mwenzake Munro walichapisha kanuni ya nguvu ya nguzo, waliyoipata kwa kulinganisha nguzo za maeneo 98 yaliyosimama na 27 yaliyoanguka. Kanuni ile imeokoa watu wengi. Inaniuma kwamba ililazimika kuandikwa baada ya mazishi yasiyo na miili.

Mtu anaweza kuniambia kwamba Coalbrook ni mbali na ni zamani, tena ulikuwa mgodi wa kampuni. Basi tuje karibu. Tarehe 5 Oktoba 2015, shimo la wachimbaji wadogo liliporomoka Nyangarata, wilayani Kahama, Tanzania. Baadhi waliokolewa mapema. Watu sita walinaswa karibu mita 100 chini, na nyumbani kwao watu waliwahesabu kuwa wamekufa. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wamekula mende, vyura na magome ya miti, na kunywa maji yaliyodondoka wakiyakinga kwa kofia zao ngumu. Wa sita alikuwa amefariki. Na karibu zaidi, ng'ambo ya ghuba kutoka Homa Bay, mgodi wa Abimbo huko Bondo, kaunti ya Siaya, uliporomoka mwanzoni mwa Desemba 2021. Mwili wa mmoja wa waliofukiwa ulipatikana katikati ya mwaka 2022. Familia ile ilikaa miezi yote hiyo bila kaburi. Anayejua uzito wa mazishi katika nchi ya Wajaluo anaelewa maana yake bila kuelezwa.

Migori ina mambo yake yanayoongeza hatari, na ningependa tuyatazame bila kulaumiana. Mwamba wake wenye dhahabu ni wa kale sana, wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, umekunjwa na kupasuliwa mara nyingi. Macalder palichimbwa shaba na dhahabu tangu enzi ya ukoloni, mgodi ukafungwa katika miaka ya 1960, na mapango yake yamebaki chini. Anayechimba leo karibu na kazi za zamani anachimba mahali ambapo mzigo ulikwisha kuhama mara moja, bila ramani ya kumwonyesha ulihamia wapi. Nguzo iliyoachwa na wa zamani mara nyingi ina dhahabu ndani yake, na hicho ndicho kishawishi. Kuila nguzo ni kuitoa ile iliyobeba mzigo wa vyumba vyote vilivyoizunguka.

Kisha mashimo yamekaribiana. Wewe una shimo lako na kikundi chako, jirani ana lake, na chini ya ardhi mmetengwa na ukuta ambao hakuna aliyeupima. Jirani anapopiga baruti, wimbi la kubana linasafiri ndani ya mwamba hadi kwenye ukuta wako. Likifika kwenye uwazi wa shimo lako haliwezi kuendelea hewani kama lilivyokuwa, linarudi nyuma, na linaporudi hugeuka kuwa wimbi la kuvuta. Mwingereza Bertram Hopkinson alilionyesha hili mwaka 1914 kwa milipuko kwenye vyuma: kipande cha upande wa pili, usioguswa na baruti, hubanduka na kuruka. Kumbuka sasa dari yako tayari inavutwa na mkazo uliokuwemo. Wimbi la jirani linakuja kuongeza mvuto juu ya mvuto. Shimo lililosimama miezi mingi linaweza kuanguka kwa baruti ambayo hukuipiga wewe, na kila mmoja akashangaa kwamba hakufanya lolote jipya siku ile.

Mvua nayo inafanya kazi yake kimya. Sehemu ya juu ya mashimo mengi si mwamba mgumu, ni udongo mwekundu na mawe yaliyooza. Maji yakiingia, uzito unaongezeka na mshikamano unapungua. Anayerudi shimoni asubuhi baada ya mvua ya usiku anaingia katika shimo ambalo si lile aliloliacha jioni.

Lakini jambo linalonisumbua kuliko yote ni kelele zetu wenyewe. Nguzo ya mti, kabla ya kukatika, hulia, na ndiyo maana wachimbaji wengi huiamini. Mwamba hupasuka kidogo kidogo kabla ya kuachia. Vijiwe na vumbi hudondoka bila kuguswa. Ufa mpya huonekana mdomoni mwa shimo, umbo lake likiuzunguka mdomo. Mlango wa mbao unaanza kukwama. Hizi zote ni habari, na nyingi huja kwa sikio kabla ya jicho. Sasa tazama shimo la leo: jenereta inanguruma juu, pampu inavuta maji, kompresa inaendesha mashine ya kutoboa, na vijana wana redio. Tumeleta mashine ili tuchimbe haraka, na mashine zimeziba masikio ambayo ndiyo yaliyokuwa kipimo pekee cha mkazo tulichokuwa nacho.

Nikijaribu kujiweka katika nafasi ya kijana aliyetoka Ndhiwa, Homa Bay, kutafuta riziki Nyatike, Migori, naona ilivyo rahisi kukosea. Anayelipwa kwa mfuko wa mawe halipwi kwa kusikiliza. Akitoka kila anaposikia mlio, wenzake watamwona mwoga, na mwenye shimo atamtafuta mwingine. Mara kumi mlio hausababishi kitu, naye anajifunza kuupuuza. Hayo ndiyo mafunzo mabaya kuliko yote, kwa sababu mara zile kumi mwamba haukusema uongo. Ulikuwa ukihamisha mzigo kutoka ufa huu hadi ule, na kila ulipohamisha, akiba yake ilipungua. Sidhani kwamba ningekuwa na moyo mgumu kuliko yeye. Ningekuwa chini pale, na mshipa wa dhahabu mbele yangu, ningejiambia, "Nimalize mfuko huu."

Kwa hiyo siwezi kumwachia mtu mmoja mzigo wa kuamua. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuweka kamati za kaunti za kuwasimamia. Vyama vya ushirika vipo. Naomba vikundi, kabla ya kuulizana bei ya dhahabu, viulizane mambo machache ya mwamba. Shimo la jirani limefika wapi, na anapiga baruti saa ngapi? Watu wote wa mashimo ya karibu wawe juu saa hiyo, na wasishuke mpaka moshi umeisha, muda wa kutulia umepita, na dari imegongwa. Nguzo za zamani zipakwe rangi, na iwe haramu kuzigusa. Palipoporomoka, hata kama hakuna aliyeumia, kazi isimame mpaka ijulikane mzigo umehamia wapi. Asubuhi baada ya mvua, mdomo wa shimo ukaguliwe kabla ya kamba kushushwa.

Na mwanzoni mwa kila zamu, mashine zote zizimwe kwa dakika kumi: jenereta, pampu, kompresa, redio. Mtu mmoja mzoefu ashuke na mtarimbo, mwenzake akishika kamba juu, agonge dari na kuta kutoka mlangoni kwenda ndani, asikilize mlio wake na ule ambao mwamba unautoa wenyewe. Neno lake likiwa "tutoke", watu watoke bila kumdai sababu. Alipwe na kikundi kizima, kiasi kile kile siku shimo likifunguliwa na siku akilifunga, na malipo yake yasihesabiwe kwa mifuko ya mawe iliyopanda juu.